Laki mbili na nusu niliyojiandikia mwenyewe: maswali ya kodi kwa sisi tunaouza mtandaoni

Leo siongelei namna ya kupiga picha bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "mwisho bei gani". Leo ni kodi. Najua mkiona neno hilo wengi mnapita haraka, hata mie nilikuwa napita. Lakini kupita huko kulinigharimu, na nimeona inbox yangu maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimekaa niyajibu kwa pamoja.

Kwanza mjue nani anaongea. Mie si mhasibu. Nimeishia kidato cha nne, nina miaka 26, nina kijiduka hapa Kilindoni, Mafia, na zaidi ya nusu ya wateja wangu wananipata kwenye simu. Nauza madera, vijora, viatu vya watoto na mapazia. Mzigo unatoka Kariakoo, unapanda basi Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, unapanda boti mpaka Kilindoni. Nikishaposti, oda zinatoka Utende, Kirongwe, Baleni, mpaka Jibondo na Juani. Ninayoyaandika hapa nimejifunza kwa kuulizauliza, kwa kusoma karatasi za TRA, na kwa kukosea.

KISA CHENYEWE

Mwanzoni mwa 2023 nilikwenda kufanyiwa makadirio ya kodi ya mwaka. Afisa akaniuliza swali moja jepesi kabisa: kwa mwaka unauza kiasi gani?

Sikuwa na jibu. Daftari langu lilikuwa la madeni tu, nani kachukua dera hajalipa. Nikaona nisionekane mjinga, nikafungua taarifa ya miamala ya simu yangu ya mwaka uliopita, nikaangalia jumla ya hela zilizoingia: milioni 8 na laki 6. Nikasema, "Kama milioni nane na nusu hivi." Akaniuliza kama nina kumbukumbu za mauzo. Nikasema sina.

Ikatoka laki mbili na nusu kwa mwaka. Unalipa kwa awamu nne, kila awamu 62,500. Ya Machi nikalipa. Ya Juni nikalipa kwa tabu, maana kusi lilishaanza kuvuma, boti zinasuasua, mzigo unachelewa na wateja wanaghairi. Ilipokaribia ya Septemba nikaanza kuuza madera kwa bei ya kununulia ili nipate hela ya kodi. Yaani nilikuwa nakula mtaji.

Jirani yangu ni mzee mmoja anauza nafaka, duka lake ni la zamani kuliko umri wangu. Nikamlalamikia kwamba kodi inaniua. Hakunipa pole. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unauza milioni nane?" Nikasema ndo hela zilizoingia. Akasema, "Hela zilizoingia si mauzo. Hiyo laki mbili na nusu umejiandikia mwenyewe."

Nikarudi nyumbani, nikaitoa ile taarifa ya miamala kwenye karatasi, nikakaa nayo siku tatu usiku na kalamu za rangi. Nilichokikuta ni hiki:

- Hela za wateja kweli: milioni 4 na laki 6.
- Hela za mchezo: milioni 2 na laki 4. Mie ndo kijumbe. Wenzangu kumi kila mwezi wananitumia elfu 20 kila mmoja, mie naikusanya na kumpa wa zamu. Laki mbili kwa mwezi, mara kumi na mbili.
- Hela za kaka yangu aliyeko Dar anazomtumia mama kupitia simu yangu: laki 9.
- Mkopo wa kikundi: laki 7.

Jumlisha, ni ile milioni 8 na laki 6. Lakini yangu ya biashara ni milioni 4 na laki 6 tu.

Hapohapo ikabidi niwe mkweli. Kuna watu wananunua dukani kwa hela mkononi, na hiyo haimo kwenye simu. Kwa makisio ya haki ilikuwa laki 8. Mauzo yangu halisi basi ni milioni 5 na laki 4. Sasa shikeni hizo namba, tutazirudia huko chini.

SWALI LA 1: Mie sina duka, nauza kwa simu tu. Kodi inanihusu?

Inakuhusu. Sheria inaangalia kipato cha biashara, haiangalii kama una fremu au unauzia kitandani. Mwaka 2025 TRA ilitoa tangazo kabisa kwamba wanaofanya biashara mtandaoni, pamoja na wanaopangisha nyumba kwa muda mfupi, wajisajili kabla ya tarehe 31 Agosti 2025. Kwa hiyo ile ya "mie wa mtandaoni sionekani" iondoe kichwani. Kila siku unaposti bei, namba na picha. Nani zaidi yako anayeonekana?

Kujisajili kunaanza na TIN. TIN ni bure, na unaiomba kwa namba yako ya NIDA. Akitokea mtu anakwambia toa hela upate TIN, hiyo ni hela ya mfukoni mwake.

Wengine mna TIN mliyochukulia leseni ya udereva. Hiyo mara nyingi ni TIN isiyo ya biashara. Usichukue nyingine, mtu mmoja ana TIN moja. Nenda useme sasa unafanya biashara, ibadilishwe.

SWALI LA 2: Kodi inakatwa kwenye mauzo au kwenye faida?

Hapa ndo wengi tunapotea. Kwa sisi wadogo, watu binafsi ambao mauzo ya mwaka hayazidi milioni 100, kuna utaratibu wa kodi ya makadirio, na huo unaangalia mauzo ghafi. Umenunua dera 12,000 ukaliuza 15,000, kinachohesabiwa ni ile 15,000, si ile 3,000 uliyobaki nayo.

Viwango navyotumia hapa ni vile vya 2023 na 2024, nilivyolipia mwenyewe. Kabla hujatumia, hakiki vya mwaka wako, maana bajeti inasomwa kila Juni.

- Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka: hakuna kodi.
- Zaidi ya milioni 4 mpaka milioni 7: asiye na kumbukumbu kamili analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4.
- Zaidi ya milioni 7 mpaka milioni 11: asiye na kumbukumbu kamili analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000, na juu yake asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7.

Ukivuka milioni 11 mambo yanabadilika. Kiwango kinapanda na unatakiwa kuwa na mashine ya EFD. Huko nenda ukafanyiwe hesabu yako, usikisie.

Sasa rudi kwenye namba zangu. Nilisema milioni 8 na nusu, sina kumbukumbu: 250,000. Kumbe nilikuwa wa milioni 5 na laki 4. Ningekuwa na daftari zuri toka mwanzo hesabu ingekuwa hivi: 5,400,000 toa 4,000,000 inabaki 1,400,000. Asilimia 3 yake ni 42,000.

Elfu arobaini na mbili! Tofauti ni 208,000. Kwangu mie hiyo ni zaidi ya madera kumi na saba kwa bei ya Kariakoo.

Na ukipiga hesabu utaona kitu: kuanzia milioni 4 mpaka milioni 11, mwenye daftari analipa pungufu kila mara. Hakuna mahali asiyeandika anapata nafuu. Ile dhana kwamba "ukiandika unajichongea" ni uongo tunaodanganyana wenyewe kwa wenyewe.

SWALI LA 3: Mie mauzo yangu hayafiki milioni 4, si nimeshasalimika?

Inawezekana. Ila umepiga hesabu? Milioni 4 kwa mwaka ni kama 333,000 kwa mwezi, yaani kama elfu 11 kwa siku. Na ni mauzo, si faida. Ukiuza dera moja la 15,000 kila siku umeshavuka. Wengi wanaosema "mie mdogo sana" wamevuka zamani bila kujua.

Na kama kweli hujafika, utaonyesha vipi? Daftari hilohilo. Mwenye mauzo ya milioni 3 na nusu asiye na maandishi hana cha kumwonyesha mtu zaidi ya kuapa.

SWALI LA 4: Hela gani zinazoingia kwenye simu si mauzo?

Mauzo ni kile mteja anachokulipa kwa bidhaa au kazi yako. Mkopo si mauzo. Hela ya mchezo uliyoishika kwa niaba ya wenzio si mauzo. Hela ya mama, ada ya mdogo wako, mchango wa harusi uliopitia kwako, hizo si mauzo. Hela yako mwenyewe uliyoihamisha kutoka benki kuja kwenye simu si mauzo.

Lakini simu haijui hayo, inaandika tu "umepokea". Atakayeichambua ni wewe, na uwe na cha kuonyesha. Mchezo uwe na daftari lenye majina na saini. Mkopo uwe na karatasi ya mkopo.

Njia rahisi ni kutenganisha. Sasa hivi nina Lipa Namba ya biashara, wateja wote wanalipia huko. Laini yangu ya kawaida ndo ya mchezo na mambo ya nyumbani. Na nauli ya boti kwa mizigo ya Juani na Jibondo, mteja anamlipa mwenye boti moja kwa moja. Zamani alikuwa ananitumia mie vyote kwa pamoja, kumbe najivimbishia mauzo bure.

Kinyume chake pia ni kweli jamani. Hela mkononi ni mauzo hata kama haijapita kwenye simu. Tusijifanye hatuijui.

SWALI LA 5: Nimeshakadiriwa kikubwa. Inarekebishika?

Inarekebishika, ila usikae kimya. Makadirio ni makisio ya mwaka ambao bado unaendelea, na biashara ikiwa tofauti na ulivyokadiria unaruhusiwa kwenda kuomba yarekebishwe ndani ya mwaka huohuo. Hapa kisiwani kusi likikaza miezi miwili bila mzigo, hiyo ni sababu ya kweli. Lakini nenda na maandishi, usiende na malalamiko.

Mie nilikwenda Agosti 2023. Nilikuwa na ile taarifa ya miamala yenye rangi, daftari la mchezo, karatasi ya mkopo, na mazungumzo ya WhatsApp ya oda nilizozikumbuka. Nilimkuta mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema, "Mama, mwanzo wa mwaka niliwapa hesabu ya makosa. Nimekuja kuirekebisha."

Akapitia ukurasa kwa ukurasa. Mchezo akaukubali, kwa sababu ya saini. Mkopo akaukubali. Hela za kaka akaniuliza maswali mawili matatu, akaukubali pia. Akakubali kwamba mauzo yangu yako chini ya milioni 7.

Nikafurahi, nikatoa kalamu nikapiga ile hesabu ya 42,000 mbele yake. Akatabasamu. "Hapo bado, binti. Mauzo yako umeyakusanya leo kwa kukumbuka. Daftari la kila siku liko wapi?" Sikuwa nalo. Kwa hiyo nikabaki kwenye safu ya wasio na kumbukumbu kamili: 100,000.

Sikuwa na la kubisha. Kutoka 250,000 kushuka mpaka 100,000 ilinipa pumzi, awamu ya Septemba na ya Desemba zikafutika. Lakini ile 58,000 iliyobaki, tofauti ya 100,000 na 42,000, ndo bei ya daftari ambalo sikuliandika. Daftari lenyewe dukani kwangu nauza 2,000.

Kama umepewa tathmini rasmi na huikubali kabisa, kuna njia ya pingamizi. Unaandika kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu ulipopewa. Na sharti lake ulijue: unalipa kwanza kile usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kile kilicho kikubwa. Kama huna uwezo unaweza kuomba upunguziwe sharti hilo, kwa kueleza sababu. Siku 30 zikipita, umejifungia mlango mwenyewe.

SWALI LA 6: Nikilipa zaidi, narudishiwa hela?

Hili mnaliuliza sana, na najua linatoka wapi. Mnaona video za watu wa Marekani wakishangilia kwamba wamerudishiwa kodi. Kule mwajiri anamkata mfanyakazi kila anapolipwa, halafu kila mtu anajaza ritani yake, mwisho kwa kawaida tarehe 15 Aprili. Akikutwa amekatwa zaidi, tofauti inarudi. Ile si zawadi wala bahati. Ni hela yake mwenyewe iliyokaa serikalini.

Kwetu pia haki ya kudai ipo. Ukilipa zaidi ya unachodaiwa unaweza kuomba kurejeshewa, kwa maandishi na kwa vielelezo, ndani ya miaka mitatu tangu ulipolipa. Ila kama una deni lingine la kodi, kilichozidi kinafuta kwanza lile deni, kinachobaki ndo kinakuwa chako.

Kwa mtaji wetu huu, mara nyingi kilichozidi kinahesabiwa kwenye kodi inayofuata. Mie nilikuwa nimeshalipa 125,000, kodi ikawa 100,000, kwa hiyo nilizidisha 25,000. Niliomba ivushwe mwaka unaofuata. Mwaka 2024 nikaja na daftari, mauzo milioni 6 na laki 3. Piga nami: 6,300,000 toa 4,000,000 ni 2,300,000. Asilimia 3 yake ni 69,000. Toa 25,000 yangu ya zamani, nikalipa 44,000 mwaka mzima.

Umeona? Mwaka niliouza zaidi ndo mwaka niliolipa kidogo.

Ushauri wangu: usitegemee kurejeshewa. Ni rahisi zaidi kutolipa zaidi tangu mwanzo kuliko kuifuata hela iliyokwisha kutoka.

SWALI LA 7: Tarehe zipi nisizikose?

Kwa mwaka wa kawaida wa Januari mpaka Desemba:

- Januari mpaka Machi: nenda ukafanyiwe makadirio. Mwisho 31 Machi.
- Awamu za kulipa: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba.
- Wale wanaotozwa kwa faida na hesabu kamili, ritani ya mwaka inawasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani mwisho 30 Juni.

Ukichelewa kulipa kuna riba, ukichelewa kuwasilisha kuna faini, na vyote vinakua kila mwezi. Ukiona huwezi kulipa awamu, nenda kabla ya tarehe ukaeleze. Anayekwenda kabla anasikilizwa tofauti na anayefuatwa.

Na sisi wa visiwani tusingoje siku ya mwisho. Machi mvua za masika zinaanza, mtandao unayumba, foleni ndefu. Mie naenda Februari.

SWALI LA 8: Nalipaje bila kutapeliwa?

Unalipa kwa kontroo namba tu. Ukishapata makadirio unatolewa kontroo namba, unalipia kwa simu au benki. Kabla hujabonyeza angalia jina linalotokea na kiasi. Ujumbe wa malipo usiufute, na risiti ihifadhi.

Hakuna kodi inayolipwa kwa namba ya simu ya mtu. Akikupigia mtu anasema ni afisa, tuma hela hapa faini ipungue, kata simu. Ukiwa na wasiwasi piga TRA bure, 0800 780 078 au 0800 750 075.

SWALI LA 9: Nimeajiriwa na nauza pembeni. Si nakatwa tayari kwenye mshahara?

Walimu na manesi, hili lenu. Ile inayokatwa na mwajiri ni kodi ya mshahara. Haifuniki biashara yako. Biashara ieleze peke yake ukifika ofisini, na uwaambie kwamba una ajira, ili wakuhesabie inavyotakiwa kwa mtu wa hali yako.

SWALI LA 10: Nimeacha biashara. Nikae tu?

Usikae. Ukiacha kimya, mfumo unajua bado upo, na deni linaweza kuendelea kujiandika. Andika barua kwamba umefunga, ipokelewe, ubaki na nakala yenye muhuri. Kuna dada namfahamu aliacha kuuza vipodozi akaolewa Kilwa, akadhani yameisha. Aliporudi kutaka leseni ya halmashauri akakuta deni la miaka miwili linamsubiri.

DAFTARI LENYEWE LINAKUWAJE

Msitishwe na neno kumbukumbu. Langu ni daftari la kaunta la kawaida, la Kiswahili, lenye mistari sita: tarehe, bidhaa, idadi, bei, amelipaje (simu au mkononi), na jina la mteja au sehemu alipo. Kila jioni kabla sijafunga najumlisha siku, naandika chini kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa mwezi najumlisha mwezi. Inanichukua dakika kumi.

Upande wa nyuma naandika manunuzi: tarehe ya mzigo, risiti ya Kariakoo, gharama ya basi na boti. Kwenye kodi ya makadirio hayapunguzi kitu, lakini ndo yananionyesha kama napata faida au najichosha. Risiti naziweka kwenye bahasha, kila mwezi bahasha yake.

Mambo matatu ya kuzingatia:

Moja, andika siku hiyohiyo. Kama afisa alivyoniambia, mauzo ya kukumbuka si kumbukumbu.

Mbili, piga picha ukurasa kila usiku, ujitumie mwenyewe WhatsApp. Hewa yetu hii ya chumvi na mvua inakula karatasi, na mtoto akimwaga chai umekwisha.

Tatu, usitupe. Kumbukumbu zinatakiwa kutunzwa miaka mitano. Nunua ndoo yenye mfuniko, weka humo.

Na siku isiyo na mauzo andika "hakuna". Julai na Agosti langu lina "hakuna" nyingi. Siku ukienda kusema kusi limekupiga, hizo "hakuna" ndo zitakazokusemea.

La mwisho. Siwaambii mpende kodi. Mie mwenyewe siipendi, na barabara ya kwetu bado naingojea. Nasema tu kwamba wakikuuliza unauza kiasi gani, jibu litoke kwako, liwe limeandikwa. Usipokuwa nalo utasema namba yoyote ilimradi usionekane mjinga, kama mie, halafu uilipe kwa awamu nne.

Kesho asubuhi kabla hujaposti mzigo mpya nunua daftari. Mtumie na mwenzako andiko hili, hasa yule kijumbe wenu wa mchezo. Mwenye swali aliache hapo chini, nisilolijua nitaliuliza nilete jibu.